Mguu wa Breki

Nimekuja na chupa ya chai, kiti cha kukunja
na kofia ya pama niliyoivaa harusini kwa baba yake.
Mjukuu wangu Aikande ni gari namba kumi na nne.
Vijana wa usalama wamefunga utepe mwekundu
kwenye miwa ya Arusha Chini, wakasema, "Mzee, rudi nyuma."
Nikarudi hatua mbili. Walipogeuka, nikasogea tatu.

Miaka thelathini na moja nimeendesha lori la kahawa,
Kibosho hadi kiwandani, kiwandani hadi Kibosho,
spidi arobaini; hamsini, nikichelewa misa.
Wenzangu waliniita Kinyonga. Waache waite.
Halikudondoka gunia hata moja.
Leo damu yangu hiyo hiyo imevaa helmeti,
imefungwa mikanda minne kama mzigo wa kwenda mbali,
inataka kupita hapa kwa mia na hamsini
juu ya vumbi laini kama unga wa ulezi.

Kando yangu kijana anatafuna muwa, anatema makapi.
"Kona yenyewe ndiyo hii," anasema kwa furaha,
"mwaka jana moja iliingia shambani, ikalala chali."
Namtazama. Ana meno mazuri.
Mungu amsamehe.

Linapita la kumi na mbili. Silioni, nalisikia:
gia ya nne, ya tatu, kelele, ya nne tena.
Vumbi linatumeza, linatutema.
La kumi na tatu.
Kisha dakika.

Dakika ni kitu kirefu, jamani.
Ndani yake nimemzika mtoto na kumfufua,
nimekodi viti, nimempigia padri simu,
nimegombana na baba yake kuhusu rangi ya jeneza,
na bado imebaki dakika ya kukaa tu.

Linapita la kumi na tano.
Kijana ameacha kutafuna.

Na hapo, sijui kwa nini, naukumbuka usiku ule wa Aprili,
mvua ikipiga bati la lori, Nsia pembeni yangu
ameng'ang'ania mlango, uchungu umemshika,
magunia tele nyuma, breki zimelowa.
Niliteremka Kibosho kama jiwe lililotupwa.
Sijamwambia mtu mshale wa spidi ulifika wapi.
Kinyonga mzima!
Hakuna aliyesimama kando ya njia kunihofia,
ila migomba, na taa ya chemli mlangoni kwa mtu.
Baba yake Aikande alizaliwa getini hospitalini.
Labda kuna kitu alikisikia humo tumboni,
akakitunza asijue ni nini,
akampa bintiye.

Ndipo mlio.
Nautambua kabla ya watu: bomba la moshi limeng'oka,
gari linakohoa, linafoka, linakuja,
boneti limefungwa kwa kamba ya katani.
Nilitaka kutazama. Kwa jina la Bwana, nilitaka.
Kofia ikapanda yenyewe, ikanifunika uso.
Upepo. Kokoto likagonga chupa ya chai, ting!
Halafu miwa ikinong'ona, na watu wakipiga kelele.

Nilipofunua uso nikatazama chini.
Mguu wangu wa kulia ulikuwa umechimba shimo,
shimo la kupandia mgomba,
kiatu kimezama hadi kwenye kifundo.
Siku nzima nilikuwa nikimfungia breki.

Jioni alikuja, mweupe kwa vumbi, meno matupu.
Wa tisa. Anacheka kama wa kwanza.
"Babu, uliniona?"
"Nilikuona."
"Na kofia usoni?"
Nikakohoa. "Kwenye kona umechelewa kushusha gia."
Akanyamaza kidogo. "Nusu sekunde."
"Nusu sekunde," nikasema.

Nikammiminia chai. Nusu iliingia kikombeni,
nusu ikanywewa na ardhi.
Akainama haraka, akajifanya anafunga kamba za viatu.
Viatu vyake havina kamba.